Tovuti Iliyofungwa Pamoja na Duka

Buyenzi, Bujumbura

Dada yangu Mwanaidi,

Asalam alaykum. Goti lako je? Usinijibu kwamba ni zima, maana shemeji amekwisha kukusemea: unatembea kwa kushika ukuta. Sisi huku hatujambo, ila mdogo wako nina furaha inayozidi umri wangu.

Duka langu la spea lina tovuti! Ndiyo, mimi, yule asiyejua hata kuandika ujumbe wa simu mpaka wewe umwandikie. Mtu akiwa Gitega anaona picha za shokapu na breki zangu, anaagiza, namtumia kwa basi. Aliyeitengeneza ni Divine, mwalimu wa kompyuta anayekaa Mutanga Nord. Tangu mwanzo alinishauri tukodi nafasi kwenye mashine za kampuni, zinazowaka usiku na mchana. Nikakataa. Mali yangu ikalale kwa watu? Nikanunua kompyuta kuukuu, nikaiweka rafuni kati ya filta za oili, tovuti ikakaa humo. Kila mteja aliyeingia nilimwonyesha kama mtoto mchanga.

Sasa, kuna madereva wa teksi wa Gitega waliokuwa wakitafuta duka moja la kuwauzia spea siku zote. Kiongozi wao akaniambia: Ijumaa mchana watakaa pamoja, wataangalia tovuti yangu, wataamua. Dada, niliomba dua wiki nzima.

Ijumaa ikafika, adhana ikalia. Nikafanya tunavyofanya sote mtaani hapa: nikafunga mlango, nikazima swichi kuu kwa kuogopa moto, nikaenda msikitini kuongeza dua.

Natoka, simu inalia. Kiongozi wa madereva.

"Mzee, duka yako ya internet haifunguki! Na yenyewe imeenda kusali?"

Nikampigia Divine. Alicheka mpaka nikaiweka simu mbali na sikio.

"Patron, mi nilikuambia. We unazima umeme, site inakufa. Ile ni mashine tu, si malaika."

"Haya, kodi hiyo nafasi."

"Leo?"

"Sasa hivi, kabla aibu haijanikaukia usoni!"

Akaihamisha siku ile ile. Nikawaeleza madereva kosa langu lote bila kulipamba, nikawaomba waangalie tena Ijumaa iliyofuata, saa ile ile ya sala. Siku ilipofika nikafunga, nikazima, nikaenda. Kusema kweli nilisali rakaa zote mbili akili iko Gitega, Mungu anisamehe. Kutoka nje, nakuta ujumbe: "Mzee, tumekubaliana. Tuma shokapu za gari tatu. Kwanza maliza kusali."

Dada, nilipiga kelele pale pale penye viatu!

Nisalimie shemeji, msema kweli wetu, na mama mdogo aliyetulea. Mwambie hilo duka jipya hata yeye anaweza kuliingia akiwa kitandani. Wifi yako Zuhura anakukumbatia, anasema goti likandwe, lisibishiwe.

Mdogo wako mwenye maduka mawili, moja halijui kufungwa,

Hamisi