Jina la Mzee Marwa Nililolikata

Tata, baba yangu,

Shikamoo. Najua safari hii sitaisikia marahaba yako ya kukoroma, lakini nisipokuamkia kwanza mkono utagoma kuandika. Nina neno nililopaswa kukuambia ukiwa hai, na nina shukrani kubwa kuliko neno lenyewe.

Unakumbuka kibanda changu cha kuchoma CD pale Mugumu, karibu na stendi? Ulikuwa ukipita na litungu lako la nyuzi nane, unachungulia dirishani, "Mama, leo umepika nini?" Uliniita Mama kwa sababu nilirithi jina la mama yako, na ulipenda kunitania mbele ya wateja.

Kisha ukaenda Mwanza kurekodi. Ulirudi na maboksi mawili ya CD, kila moja ina picha yako, stika ya kodi kwenye kasha, na upande wa chini unang'aa kama sufuria mpya. Nilijivunia wewe, na bado nikakuibia. Wateja wangu wa mnadani walitaka mchanganyiko: nyimbo zako, za Wajaluo, za kule Sirari, zote kwenye CD moja. Nafasi haikutosha, nikakata mikia ya nyimbo zako. Pale mwishoni, unapotuliza nyuzi na kuanza kutaja watu na koo zao, niliona majina hayachezeki. Nikayafyeka. Nikatoa kopi ya kava, nikaandika juu ya CD kwa maka peni, nikauza.

Ndipo Mzee Marwa akaja nyumbani kutoka Busawe, fimbo mkononi. Alikuwa amekupa mbuzi ili umtaje kwenye wimbo, yeye na baba yake na ukoo wao, kama ilivyo desturi yetu. Akanunua CD mnadani, akaalika majirani waje wasikie. Wimbo ukaisha, jina hakuna. Wakamcheka hadharani.

"Umekula mbuzi wangu, na jina langu umelimeza!" alifoka.

Mimi nilikuwa mlangoni na birika la chai. Ukaichukua ile CD, ukaigeuza: chini ilikuwa na zambarau iliyofifia ya CD za kuchoma. Ukaigeuza tena, ukasoma mwandiko. Ulikuwa umeuza mihogo miaka mingi ili nijue kuandika, usingeshindwa kuutambua. Ukaitia mfukoni mwa koti.

"Kosa ni langu, mwenzangu," ukasema. "Kazi yangu imezunguka huko nje ikiwa nusu, na mimi sikuichunga."

Ukashusha litungu ukutani, ukampigia wimbo mzima pale pale. Ukamtaja baba yake, babu yake, hadi yule ng'ombe wao mweupe wa pembe moja. Mzee alianza kutikisa mabega huku bado amenuna! Ukampa CD halisi, ukamsindikiza mpaka njia kuu.

Uliporudi nilijua leo ni leo. Wala hukupandisha sauti. Ulipiga CD zote mbili, moja baada ya nyingine. Kwenye yangu ulisikika kama mtu aliyefungiwa ndani ya debe, na kila wimbo ulikatika ghafla.

"Hii yenye picha yangu ikikosea, watu wanajua waje kwa nani," ukasema. "Hii ya maka peni ikikosea, waende kwa nani?"

"Sijui, Tata."

Nilijua! Ukanitazama kidogo. "Haya, kamalizie vyombo." Hukuligusa tena jambo hilo mpaka tukakuzika.

Kopi zangu zilizobaki nilizivunja kesho yake. Siku hizi CD haziulizwi, watu wanataka nyimbo kwenye simu na flashi, na kibanda bado kinanilisha. Mwimbaji wa hapa kwetu namtafuta kwanza, akikubali ndipo naweka wimbo wake, mzima, na majina yote. Vijana wananisema, "Dada Bhoke, unatuchelewesha." Nawaacha waseme, kwa sababu hili nimelitoa kwako na ninakushukuru kila siku.

Wiki iliyopita alikuja mwalimu mmoja, mjukuu wa Mzee Marwa. Babu yake naye ametangulia, akataka ule wimbo wenye jina lake. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Mwalimu, jina la babu yako ni mimi niliyelikata."

Akacheka mpaka akakaa. "Babu alijua, dada. Baba yako alimwambia siku ile ile, njiani wakati anamsindikiza. Alimwambia, 'Ni binti yangu. Usimuulize, atasema mwenyewe akiwa tayari.'"

Tata! Miaka yote ile mzee alikuwa akipita kibandani ananisalimia, nami najiona mjanja. Wazee wawili mlikaa kimya kwa ajili yangu hadi mkaingia kaburini.

Basi leo niko tayari. Ni mimi, Tata. Nisamehe kwa kuchelewa, na asante kwa kuningoja.

Binti yako,
Bhoke