Ushuhuda Walioniandikia

Jumatatu, 3 Juni

Mwalimu mkuu kanijia mwenyewe mpaka saluni. Kwa miguu yake. Nilikuwa nimemshika mteja kichwa, nusu kimesukwa, nusu kimesimama, nikamwambia tulia hapo hapo usitikisike. Kumbe Jumamosi kuna mkutano mkubwa wa walimu, wa elimu jumuishi — yaani watoto wote darasa moja, wasioona, wasiosikia, waliohamia na lugha zao. Wanataka mzazi mmoja atoe ushuhuda. Kati ya wazazi mia nne na ushei wamenichagua mimi.

Sijashangaa. Binti yangu haoni tangu azaliwe, na ndiye anayeongoza darasa la saba zima la wenye macho. Namba moja mihula mitatu mfululizo. Mtaani wanamwita Redio, maana akisikia taarifa ya habari asubuhi, jioni anakurudishia yote mpaka kikohozi cha mtangazaji.

Mteja kasema, "Mama Redio, sasa utatusalimia kweli?" Nikamwambia nitawasalimia, ila kwa zamu.

Jumanne, 4 Juni

Napanga maneno huku nasuka. Nitaanzia mwanzo. Redio alipotimiza miaka sita nilimwacha kwa dada yangu, nikaenda shuleni peke yangu kumwandikisha. Huyu huyu mwalimu mkuu. Akasema, hapa hatuna pa kumweka, mlee tu nyumbani. Mwaka wa pili na wa tatu, hivyo hivyo. Mwaka wa nne nikakaa kwenye benchi nje ya ofisi yake siku nne, mhudumu akawa ananifagia miguu. Mwalimu wa nukta nundu, yale maandishi ya kusoma kwa vidole, ndiyo kwanza amehamia, akaniuliza, "Mama, unamsubiri nani?" Yule ndiye aliyemwingiza mwanangu darasani, bila kuomba ruhusa ya mtu. Kaanza la kwanza na miaka tisa.

Sitamtukana mtu. Nitaeleza tu. Na nitavaa lile gauni la kijani.

Alhamisi, 6 Juni

Nina hasira mpaka nimemsuka mteja nywele zikambana, karudi nimfumue.

Amekuja mratibu wa mkutano, binti wa watu, mpole, simu mbili. Kaniletea ushuhuda wangu. Umeshachapwa! Naunakili hapa nisije nikadhani niliota: "Mimi ni mama niliyemficha mwanangu ndani kwa miaka mitatu kwa kumwonea aibu. Sikujua kwamba mtoto asiyeona anaweza kusoma. Walimu walinifuata hadi mlangoni, wakanielimisha."

Nikamuuliza, nani kasema haya? Kasema, "Mama, tumekusaidia tu kupanga. Wageni wanapenda kuona mabadiliko. Ulikuwa kule, sasa uko huku."

"Na kama nilikuwa huku tangu mwanzo?"

"Basi hakuna ushuhuda, mama."

Hakuna ushuhuda. Mimi. Nimemwonea aibu Redio? Mtoto niliyekuwa natembea naye sokoni kichwa juu, anayeniuliza ana nini namuuliza na wewe una nini. Hata darasa la sita nililoishia mimi hawakunifundisha kusema uongo mbele ya mikrofoni.

Ijumaa, 7 Juni

Nimekwenda ofisini kwa mwalimu mkuu. Benchi bado lipo, wamelipaka rangi tu.

Nikamwambia, mwalimu, ni wewe uliyenirudisha nyumbani mara tatu. Hakukasirika, ndicho kilichoniuma. Kacheka. "Mama Redio, hayo ya zamani. Ni dakika mbili tu, unasoma, unakaa." Halafu akaigusa fomu mezani kwa kalamu. Fomu ya Redio, ya kuombea karatasi ya nukta nundu kwenye mtihani wa mwisho. Bila sahihi yake mtoto atawekewa karatasi ya wino, aipapase. Mwisho wa kuipeleka ni Jumatatu. "Hii nitaisaini tukishamaliza mambo ya kesho," kasema. Sauti tamu kama ananikaribisha chai.

Dada yangu kasema, "Meza. Mtoto apite kwanza, utatapika baadaye." Kweli yake.

Redio kaniuliza, "Mama, nisomee utakachosema." Nikamwambia utasikia huko huko. Hapo hapo nikaamua hatakwenda. Atabaki kwa mama yake mkubwa. Nitasoma haraka haraka kama maelezo ya dawa, nitarudi, hatajua.

Jumamosi, 8 Juni

Naandikia kwenye daftari la mkutano, kila mtu kapewa lake. Tuko ukumbini, safu ya mbele. Tuko — maana gari limekuja na agizo, mama na mtoto pamoja. Mratibu kamshika Redio mkono kama amebeba trei ya glasi. Redio kamwambia, "Miguu ninayo, dada."

Bango refu: HAKUNA ANAYEACHWA. Mkalimani wa lugha ya alama wamemsimamisha nyuma ya nguzo. Watoto waliohamia wamepangwa mstari, wakasema karibuni kwa lugha sita, wakapigiwa makofi, wakapigwa picha, wakatolewa nje. Baada yangu mwalimu mkuu anapewa cheti cha kufungua milango. Ya nani, sijui.

Redio kapewa ratiba yake ya nukta nundu, nene kama mto. Hajawahi kupewa ratiba ya kitu chochote. Kaikumbatia kwanza. Vidole vinakwenda, ananinong'oneza nani anafuata na nani katoka wapi, mpaka mgeni wa nyuma yetu anamuuliza yeye badala ya mratibu. Kichwa kikanivimba, nakubali.

Kisha kasema, "Mama, wameweka na hotuba zote humu."

Zote.

Nimetaka kumpokonya. Ukumbi mzima unatutazama. Vidole vimeenda, vimesimama. Vimerudi mwanzo wa mstari, vikapita tena, polepole.

"Mama. Ile miaka uliyokuwa unaniambia dawati langu linachongwa."

Ndivyo nilivyomwambia. Mtoto wa miaka sita ningemwambiaje kwamba hawamtaki? Kila nikirudi kutoka shuleni namchongea dawati la maneno — mara mbao hazijafika, mara fundi anaumwa. Wenzake wanapita dirishani na mabegi, yeye ndani ananiuliza litapakwa rangi gani.

"Kumbe ulikuwa unanionea aibu?"

Mshereheshaji amesema baada ya huyu anayeongea ni mzazi. Mwalimu mkuu kageuka, kanitabasamia, kaniinulia dole gumba. Karatasi yao nimeikalia. Redio kafunga ratiba, kanigeuzia uso. Naandika bado, na yeye sauti ya kalamu anaijua.

"Mama, acha kuandika. Nakuuliza."