Sanamu Isiyo na Wapagazi

Nyarugusu, Jumanne usiku

Nisamehe, daftari langu, nimekutupa tangu mavuno. Leo nina hasira, nisipoandika nitapasuka.

Leo mwanangu Kabula alikuwa awaeleze wenzake darasani habari za Sanamu ya Askari, ile ya Dar es Salaam. Jana tulirudia wote: ni ukumbusho wa askari Waafrika na wapagazi waliokufa katika vita vya Wazungu. Akaniuliza, "Mama, mbona kwenye picha namuona askari tu?" Babu yake bibi yangu alikamatwa akabebeshwa mizigo ya vita hivyo. Hana hata kaburi.

Leo natoka sokoni, namkuta mwanangu na sare ya shule, kiroba cha mawe begani, anapeleka karasha, kwenye mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Shemeji Masanja kamkatisha akienda shule, kambebesha.

"Siku moja tu, Mama Kabula. Kwani sanamu inaliwa?"

"Hata waliokamata wapagazi hawakuwauliza mama zao!"

Nikakishusha kile kiroba mbele ya wachimbaji. Wakacheka: "Leo mkuu wa mkoa kaja!" Wacheke tu.

Baba Kabula nimemweleza, kachukua redio kaenda nje. Hapo ndipo ninapoogopa, maana Masanja ni ndugu yake, hamkatalii neno.

Mwalimu kakubali Kabula aeleze Ijumaa. Nitampeleka mwenyewe hadi mlangoni. Dada aliyeko Dar nimwombe atume picha ya sanamu, ya karibu. Picha ya maandishi ya chini, yanayowataja wapagazi. Na shati la shule, hili limechanika begani kwa kile kiroba.