Sogea

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe, shemeji na wapwa wangu. Sisi hapa hatujambo, ila mimi situlii. Nimeuanza ukurasa huu mara tatu, na kila mara nainuka kwenda kuangalia kama mlango nimeufunga. Mama hakukosea kuniita Kiherehere.

Najua umekasirika. Wiki ya sita sasa, kila ukipiga simu nakwambia Mama anaoga, Mama amelala, Mama katoka. Juzi uliniuliza ni mama gani huyo anayeoga mara nne kwa siku. Nilicheka, kisha nikakata simu.

Ukweli ni kwamba Mama alifanyiwa upasuaji. Lile rovu, uvimbe wa shingoni alioufunika kwa mtandio, akituambia ni unene wa uzee, lilianza kumkaba, hata maji yakawa yanampalia. Kisu cha shingoni alikikataa katakata. Alisema hakuzaliwa na zipu na hatazikwa nayo. Nikamweleza kazi yetu ya kila siku: daktari anatoboa vitundu vitatu ndani ya mdomo wa chini, anapitisha kamera nyembamba na vyombo chini ya ngozi mpaka shingoni, analitoa tezi huku akitazama kwenye skrini, na nje hakibaki kovu. Mshika kamera ni mimi. Nyumbani Kiherehere, hospitalini wananiita Msumari, kwa kuwa sitikisiki.

Siku yenyewe mwenzangu ambaye angeshika kamera aliugua. Kanuni inakataza kumhudumia ndugu, lakini kuahirisha kulimaanisha miezi miwili zaidi ya Mama kupaliwa. Alikuwa ameandikishwa kwa jina la babu, hakuna aliyetujua, nami nikanyamaza. Tulipatana asiniite mwanangu. Naye unamjua! Yuko kitandani, ananiuliza mbele ya watu kama mimi nina mama, na kama ninaye, mbona hanilishi. Daktari alicheka mpaka barakoa ikamteremka.

Sasa Dada, hapa soma polepole. Daktari wetu akitaka kamera ikaribie husema neno moja tu: sogea. Miaka minne nimelisikia, na mkono wangu hausubiri akili. Lakini unaikumbuka sogea ya Mama jikoni, akiwa na sufuria ya moto mikononi, nasi tunaruka nyuma? Siku ile daktari alikuwa amefika kwenye neva ya sauti, nyembamba kama uzi, na chombo cha kuunguza mishipa ya damu kimo mkononi. Akasema sogea. Mimi nilikuwa namwaza Mama chini ya shuka zile. Nikaivuta kamera nyuma.

Ilikuwa sekunde moja. Picha ilipotea, chombo kikagusa pasipotakiwa.

Shingo ya Mama ni laini, na maji anakunywa bila shida. Lakini ile sauti iliyokuwa ikituita kutoka mtaa wa tatu imebaki mnong'ono. Huenda ikarudi baada ya miezi, huenda isirudi. Daktari anajilaumu yeye. Aliniambia mkono wake umezeeka, kwamba anaacha kamera na kurudia kisu, nami nikaitikia kwa kichwa. Hilo linaniuma kuliko kosa lenyewe. Kuna wagonjwa kwenye orodha ambao shingo zao zitapasuliwa kwa sababu ya ukimya wangu.

Kesho asubuhi nitaingia ofisini kwake nimweleze. Huenda nikafukuzwa. Nakuandikia leo ili nisipate pa kurudi nyuma tena.

Mama nilimwambia jana mchana. Alikunja kitambaa kilekile mara mbili, asinitazame, kisha akanong'ona: sogea. Nilisimama katikati ya chumba kama mjinga, sijui nisogee wapi. Akapigapiga kitanda, pale ubavuni pake.

Msalimie sana shemeji, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Safari hii ukipiga simu nitampa Mama mwenyewe. Usikate ukidhani laini ni mbovu. Bandika sikio, Dada, usubiri.

Mdogo wako akupendaye,
Kiherehere