Magamba Karibu na Mkia

Mpendwa Mama Veronika,

Katekista atakayekusomea barua hii asicheke mwandiko wangu. Naandika kwa Kiswahili cha kile kitabu chako cha sala, maana ndicho pekee nilichowahi kukiona kwenye karatasi. Kile chetu cha jikoni nakijua kwa mdomo tu. Akifika mahali penye aibu yangu, asome polepole. Asiruke hata neno.

Ni mimi, Rashel, binti wa Myahudi mwenye duka la vitambaa hapa Elisabethville. Ulinibeba mgongoni hadi miguu yangu ikawa inagonga magoti yako, na majirani wakakuambia unamharibu mtoto wa Wazungu. Leo nina miaka ishirini. Napiga mashine ya kuandika dukani kwa baba, navaa viatu vya kisigino, na bado najikwaa palepale kwenye ngazi ya nyuma uliponiambia mara mia niangalie. Nina jambo la kukuomba, nalo linapaswa kukufikia kabla ya Kipuri, siku yetu kuu ya kufunga. Lakini sijui kuomba bila kuzunguka kwanza. Unanijua.

Unakumbuka siku za posho? Wakati wafanyakazi wa migodi wanapanga mstari kupokea unga wao, sisi tulikuwa kwenye Sabato, na kwetu hakuna anayegusa moto tangu jua la jana yake lizame. Mwezi wa sita baridi ilikuwa inang'ata masikio. Mama yangu haruhusiwi kuwasha mbabula, lile jiko letu la makaa, wala kukuamuru wewe uiwashe. Basi alikuwa anasimama mlangoni, anaangalia dari, na kuliambia: "Leo baridi iko mingi."

Nawe ukiwa umekaa kwenye kigoda chako unamjibu, "Kweli, Madame, iko mingi." Halafu unaendelea kuchambua mchele! Mama anakohoa. Unachambua. Mimi nimeziba mdomo kwa mto. Ukishatosheka ndipo unainuka na kusema, "Aa, ngoja mi niwashe, nasikia baridi miye mwenyewe." Mama yangu hakuwahi kujua kwamba ulikuwa unamtania. Au labda alijua. Kwa miaka yote ile ndio mchezo pekee niliowaona mkicheza pamoja.

Watu wa nyumba nyingine walituona wenye mambo mengi: sahani hizi za nyama, zile za maziwa, kuku lazima achinjwe na mchinjaji wetu, mkate kutupwa nje siku nane nzima wakati wa Pasaka yetu. Wewe hukushangaa. Siku ya tano, Ijumaa, ulikuwa huli nyama kwa sababu ya padri, na wakati wa Kwaresima ulikuwa mkali kuliko padri mwenyewe. Nilipokuuliza kwa nini huchoki na sheria zetu, ulisema, "Kila muntu na Mungu yake, kila Mungu na chungu yake." Nikalicheka neno hilo wiki nzima. Sasa silicheki.

Na samaki, Mama. Hapo ndipo ulipotushinda wote. Mama yangu alikuwa anakataa samaki wakavu wa sokoni, kwani wachuuzi wanawaparua na kuwakausha hadi wanakuwa weusi, na sisi samaki asiye na magamba hatumli. Kambale ni haramu kwetu. Makobo, samaki mwenye magamba, ni halali, lakini akishaparuliwa na kukaushwa, nani atamjua kwa hakika? Ulisikiliza hayo yote mikono kiunoni. Ulipotoka likizo kwenu Pweto ulirudi na kikapu, na kila makobo ndani yake ameparuliwa vizuri, isipokuwa karibu na mkia. Hapo umeacha magamba upana wa vidole viwili. "Madame ataona na macho yake," ulisema. Mama alitazama, akatazama tena, akacheka kwa mshangao. Tangu siku ile dada yako wa Pweto akawa anatengeneza samaki wetu hivyohivyo, na wanawake wa sokoni wakawaita samaki wa Madame. Chungu ulichokuja nacho kutoka kwa bibi yako ukakitenga kwa samaki hao tu. Hakikuonja kitu kingine.

Sasa nafika. Katekista, polepole.

Mwaka ule nilikuwa nimetimiza kumi na miwili. Kwetu msichana wa umri huo dhambi zake anazibeba mwenyewe, si mzazi tena. Mama alikuwa amenieleza hivyo kwa uzito mkubwa, nami nilikuwa natembea kama mtu aliyebeba mayai. Baba akavunjika mguu Kambove, kwenye duka letu la pili. Mama akaenda kumuuguza, mvua ikakata barabara. Mchinjaji naye alikuwa safarini, kwa hiyo kuku hapakuwa. Homa ikanishika. Maziwa natapika, mchele natapika. Siku ya tatu ukapika mchuzi wa makobo, nami mjinga nikafunga meno. Nikasema sili mpaka nijue.

Hukunikemea. Ulirudi jikoni ukaleta samaki wa mwisho aliyebaki kikapuni, ndugu wa yule wa chunguni, na ule mkia uliokuwa umemkata yule kabla ya kumpika. Ukashika kidole changu ukakipitisha.

"Sikia na kidole. Iko nini?"

"Magamba."

"Na hapa?"

"Magamba."

"Basi kula, mama mudogo. Mungu yako ameshaona, sasa mimi nabakia kuona unakula."

Nikala. Nikalala. Nikapona.

Mama aliporudi, kikapu kilikuwa kitupu, na jirani yetu alimwahi getini. Alikuwa amesikia harufu ya kambale uani kwetu. Ni kweli ulipika kambale, chakula chako mwenyewe, kwenye mbabula yako, katika sufuria yako ya bati, kama siku zote. Mama hakuuliza sufuria gani. Aliuliza tu, "Umemupa mutoto nini?"

"Makobo, Madame. Ilikuwa na magamba. Mutoto alishika na mukono yake."

Mama akanigeukia. Ninauona uso wake hadi leo: hakuwa na hasira bado, alikuwa ananiomba nimsaidie. "Rashel, uliona?"

Mawee, Mama Veronika! Lilikuwa neno moja tu. Nilihesabu kichwani kama mtoto mwenye hila: nikisema niliona, na kumbe homa ilinidanganya, dhambi ni yangu. Nikisema sijui, asiyejua hana dhambi. Nikasema, "Sijui. Nilikuwa na homa."

Nilijua. Ncha ya kidole changu ilijua vizuri kabisa.

Chungu cha udongo kikishaingia haramu, kwetu hakisafishiki, huvunjwa. Mama alikichukua kile cha bibi yako na kukipiga kwenye ngazi ya nyuma. Hukumtazama yeye. Ulinitazama mimi, kidogo tu, kama mtu anayesubiri zamu yake dukani. Kisha ukavua aproni, ukaikunja mara nne, ukaiweka juu ya kigoda. Hukuaga. Wala sikukukimbilia, na mguu wangu ulikuwa mzima.

Tangu hapo nimefunga Kipuri mara nane. Usiku mmoja na mchana mzima bila maji, nimesimama upande wa wanawake katika sinagogi nikijipiga kifua. Kila mwaka rabi anarudia lilelile: siku hii inafuta yaliyo kati yako na Mungu, yaliyo kati yako na mtu haiyafuti, hadi uende kwa mtu huyo ukamwombe mwenyewe, na akikataa uende tena, hata mara tatu. Mimi sikuenda hata moja. Nilikuwa nakaa na njaa yangu ya bure, halafu jioni nakula mkate mtamu pamoja na wengine.

Mwaka jana nikajaribu kwa ujanja. Nilimpa yule mama anayeleta samaki kutoka kwenu Pweto, ulikorudi, kikwembe kizuri cha bluu, kitambaa cha kujifunga, nikamwambia akufikishie. Bila neno. Nilitaka nguo iseme badala yangu, kama vile mama alivyokuwa anataka dari liwashe moto.

Juma lililopita yule mama akanishushia kikapu dukani. "Ba Mama Veronika anasema asante ya kikwembe," akasema, na hapo hapo akageuka kuchagua kitambaa chake. Nikafunua. Makobo kumi na wawili, wameparuliwa safi, na kila mmoja, karibu na mkia, magamba upana wa vidole viwili.

Nililia mbele ya wateja. Nilikibeba kikapu nyumbani nikakiweka mezani. Mama akauliza nani ameleta. Nikamwambia. Halafu nikamwambia na lile la pili, lililochelewa miaka minane: kwamba nilishika, nilijua, nilinyamaza. Hakunipiga, hakunifokea. Aliweka kidole gumba juu ya magamba na kukiacha hapo muda mrefu. Kisha akavaa kofia yake akatoka kwa miguu, mchana wa jua, yeye ambaye sokoni hajawahi kwenda bila mtu wa kumbebea. Alirudi amekumbatia chungu cha udongo, vumbi limejaa gaunini. Akakiweka juu ya kigoda chako. "Si kama kile," akasema.

Kipo pale. Hakijaonja kitu. Sikuiti kazini, Mama; usielewe vibaya. Ukija, kigoda kitatolewa, utapewa kiti, na makobo nitakupikia mimi, ingawa unajua chumvi yangu ilivyo. Usipotaka kuja, nitapanda gari la samaki nije huko, na ukinifukuza nitakuja tena.

Yule mama wa sokoni ananiambia niache kusumbuka, samaki wale ndio jibu lako. Pengine. Lakini samaki ni samaki, na mimi nimeshachoka kuacha vitu viseme badala yangu. Uliuliza swali uani siku ile, bila kufungua mdomo, na mimi nikakujibu uongo mbele ya mama yangu. Nimemwambia katekista asome kwa sauti, na kama pana majirani barazani kwako, wasikie nao.

Magamba yalikuwepo. Niliyashika. Nisamehe.

Mtoto uliyembeba mgongoni,
Rashel