Springi za Nyuma

Uru, 17 Aprili 1994

Mama Agness,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Mimi ni mzima, ng'ombe ni mzima, mvua zimekolea. Theopista anasema Ijumaa alikukuta umekaa nje kwa dada yako Victoria, nami nikaona mgongo unapata nafuu. Amekubali kutubebea barua, maana kila Jumanne na Ijumaa anashuka na ndizi zake.

Naandika kuhusu gari. Jumatatu ya Pasaka nilipokutoa hospitali, ukalia kwa maumivu kabla hata hatujaiacha Rau, ikabidi nikuache hapo kwa dada yako. Nilipanda peke yangu nikifikiri. Landrova hii ni ngumu kwa sababu mimi ndiye niliyeifanya ngumu. Mwaka 1986 niliongeza majani mawili ya springi ya lori kila upande kule nyuma, ili ibebe mikungu ya akina mama wa ndizi bila kukaa chini. Sasa ikiwa tupu hainesi, inaruka tu. Daktari amesema usirushwe. Basi nitayatoa, na nikimaliza nakuja kukuchukua. Gari dogo halipandi matope haya, na kwa miguu huwezi.

Kahawa haina shida.

Mumeo,
Baba Agness


Rau, 22 Aprili 1994

Baba Agness, mume wangu,

Salamu nyingi kutoka huku tambarare. Naendelea vizuri kwa neema ya Mungu. Nalala chali kama mtoto mchanga, na Victoria ananilisha mtori mpaka naona haya.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na usicheke. Tumeoana miaka ishirini na sita na hii ndiyo barua yako ya kwanza kwangu. Hata uchumba alikuja kuusema shangazi yako, wewe ukakaa pembeni unaangalia viatu. Leo umeniandikia ukurasa mzima wa vyuma. Tungekuwa nyumbani ungesema "gari ni gumu", ukaenda kulala. Victoria anauliza kama nimebadilishiwa mume.

Basi niambie hayo majani ya springi yakoje, sijawahi kuyaona. Niambie na unakula nini, usinifiche. Agness ameandika kutoka Dodoma, watoto hawajambo, anakusalimu.

Andika na mengine, si vyuma tu.

Ni mimi,
Mama Agness


Uru, 10 Mei 1994

Mama Agness,

Salamu. Huku tuko salama ila nguo hazikauki. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya aibu, nitaieleza.

Uliuliza yakoje. Ni vyuma vilivyopinda, virefu juu na vifupi chini, vimebanwa pamoja kwa bolti moja katikati. Vyote hivyo ndivyo vinavyobeba mzigo. Yoramu, yule fundi wa kwenye kona ya parokia, aliniambia nianzie chini kwenye mafupi. Mimi nikajifanya najua, nikatoa refu la pili kutoka juu. Gari likakaa kama kuku anayeatamia. Kufika kwenye kona ya parokia tairi likaanza kusugua bodi mpaka likatoa moshi, na ilikuwa Jumapili, watu wanatoka misa. Paroko mwenyewe alisimama kuangalia. Yoramu alileta jeki yake tu, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Nimelirudisha, gari liko kama lilivyokuwa mwanzo.

Nakula ndizi za kuchoma na maziwa. Nilijaribu kupika kiburu, maharage yakabaki magumu na ndizi zikaungua. Nyumba imekuwa kubwa. Jana niliweka vikombe viwili mezani bila kufikiri. Chako nimekiacha hapo hapo.

Mumeo,
Baba Agness


Rau, 15 Mei 1994

Baba Agness,

Salamu na pole kwa kiburu. Nimecheka mpaka mgongo ukanikemea. Vinginevyo nguvu zinarudi, naweza kufika mpaka kisimani na kurudi.

Nikwambie kitu ambacho Yoramu hakijui. Gari lako lilikuwa zuri likiwa na mzigo. Nikikaa nyuma juu ya mikungu tukishuka sokoni, linanesa polepole, hata usingizi nilipata. Shida ilikuwa kurudi, likiwa tupu. Miaka minane nimepanda mlima huo nimeshika chuma kwa mikono miwili, meno nimeyauma. Sikusema kwa sababu hukuuliza, na wewe una usukani wa kushika. Kama unataka kujua kweli, mpe Yoramu usukani, utandike godoro nyuma, ulale mahali pangu.

Mchana huku sina neno, ila nawaza sana. Siku ile nilipoteleza kule bondeni nikikata majani ya ng'ombe, niliita mpaka sauti ikaisha. Nikajua umeshuka mjini. Theopista asingepita na kuita watu wanibebe mpaka barabarani, sijui ingekuwaje. Nilipokuona unakuja na gari nikasema, afadhali amerudi. Tangu siku hiyo nikikaa peke yangu mahali penye kimya naogopa. Sijamwambia mtu, hata Victoria.

Kile kikombe kiache hapo.

Mama Agness


Uru, 12 Juni 1994

Mama Agness,

Salamu. Natumaini u mzima. Mvua zimekatika, barabara imekauka na makorongo yake.

Nilifanya ulivyosema, mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kabla sijatoa chochote. Nililala nyuma kwenye godoro, Yoramu akaendesha. Hatukufika hata parokia, nikamgongea asimame. Nilishuka nikakaa kando ya barabara, Yoramu akadhani naumwa. Nilikuwa sijui, mama. Miaka minane nimekaa mbele naona gari ni imara, najisifu kwa watu. Naona aibu kuandika hivi lakini ndivyo ilivyo.

Tukatoa majani yote niliyoongeza, na fupi moja zaidi kila upande. Yaliyobaki nimeyasugua kutu moja moja na kuyapaka grisi yateleze. Mipira ya kwenye ncha nimeweka mipya. Sakafuni kule nyuma tumelaza magunia mawili ya mchanga, maana ulisema kweli kuhusu mzigo, na Yoramu anakuheshimu sana sasa. Mikungu gari halibebi tena. Nimewaambia akina mama wa ndizi watafute gari jingine, na Theopista naye anashuka na la watu.

Jana Jumamosi nililala tena, nimeshika beseni la maji kifuani. Tulishuka mpaka ng'ambo ya daraja la Rau na kurudi, yakamwagika mara moja tu.

Nije lini?

Mumeo,
Baba Agness


Rau, 20 Juni 1994

Baba Agness,

Salamu zangu, na hali yangu ni njema kuliko nilivyokuambia. Hilo ndilo la barua hii.

Alhamisi baada ya Pentekoste daktari alinipima akasema mfupa umeunga, naweza kupanda hata lori. Nilitoka pale kwa furaha, nikafika kwa Victoria, nikanyamaza. Wiki ya pili nikanyamaza tena. Nilisema, nikimwambia atakuja kunichukua, na barua zitaisha.

Jumamosi ile nilikuona. Nilikuwa natembea kupita daraja kidogo, nijaribu mlima. Mlipita karibu nami kabisa. Ulikuwa umelala chali kwenye godoro letu, beseni umelikumbatia, macho juu, umekunja uso kama unasali. Hukuniona. Nilitaka kuita, mkawa mmeshapita. Nikakaa kwenye jiwe la darajani nikalia, na mkirudi nikajificha.

Nisamehe kuhusu mikungu, ningesema mapema ungeendelea na kazi yako. Lakini elewa. Kwa miaka ishirini na sita nimekaa na wewe meza moja na sikujua unafikiri nini. Kwa miezi miwili hii nimejua. Naogopa kurudi kwenye kimya, Baba Agness. Hilo linaniuma kuliko mgongo.

Mkeo,
Mama Agness


Rau, 11 Julai 1994

Baba Agness,

Salamu. Wiki tatu Theopista anashuka bila barua yako. Nikimuuliza anasema u mzima, uko chini ya gari. Kumbe hata kwa barua unaweza kunyamaza.

Jumamosi saa nne asubuhi nitakaa kwenye jiwe la darajani na mzigo wangu. Usipokuja nitarudi kwa Victoria, na sitakulaumu.

Mama Agness


Uru, 24 Julai 1994

Mama Agness,

Leo sikuulizi hali. Nakusikia hapo jikoni unasugua ile sufuria niliyoiunguza.

Nilikasirika, ni kweli. Niliyarudisha majani yote nikataka niwaite akina mama wa ndizi. Nikaendesha tupu mpaka parokia, nikasikia kile chuma unachoshikaga kinavyopiga kelele nyuma yangu, nikageuza gari. Nimeyatoa tena na kumpa Yoramu achome, atengeneze majembe.

Nilipokuja darajani nikampa Yoramu usukani, nikakaa nawe nyuma, nilijua unanisubiri niseme. Njia nzima sikusema. Umekaa siku nane hapa na bado sijasema. Hukuuliza, ila nimeona unavyoangalia kile kikombe.

Siku ile ulipoanguka sikuwa mjini. Nilikuwa hapa uani, chini ya gari, nakaza nati za springi za nyuma. Nilikusikia ukiita. Nilisikia mara mbili. Nikasema moyoni nimalize nati hii kwanza. Halafu hukuita tena, nikadhani ulikuwa unamwita mtu mwingine, nikaendelea na nati nyingine. Mpaka kijana wa jirani akaja mbio, nikawasha gari nikaja. Wewe ukasema afadhali amerudi, nami nikaacha iwe hivyo.

Kazi yote ile ya springi ilikuwa ya kulipia hilo. Ningeweza kutoa majani mia moja na bado isingetosha.

Kinywa changu kingelisema hili kama kingeweza. Nimeiweka karatasi chini ya kikombe chako. Mimi niko nje, nimekaa nyuma ya gari, upande wako. Ukiita nitasikia.

Mumeo,
Wenseslaus