Marahaba za Kwenye Feri

Zuhura mjukuu wangu,

Huku Likoni tu wazima, na mamako anakusalimu. Waniuliza kama udogoni alikuwa mtundu. Mtundu wapi! Mwanangu nilimfunza kuamkia kila mkubwa, na hakuruka mtu, wallahi.

Siku moja twaenda mjini kutembea, akaniponyoka mkono ndani ya feri. Watu tele, nami namwita hadi sauti ikanikauka. Mara nikamsikia mzee mmoja: "Marahaba, mwanangu." Mbele kidogo, mama mwengine: "Marahaba, mama." Nikazifuata marahaba hizo kama naota, mpaka nikamkuta mbele kabisa. Nikambeba, machozi yanitoka. Akajinyonganyonga ashuke.

"Mama, ngoja! Wa upande huu sijawaamkia."

Nyanyako, ajivuniaye nyote